Msaga Visiki wa Beni

Jumapili, nikitoka misa hapa Butembo, niliambiwa kwamba msaga visiki wa Beni amefariki baada ya kuugua siku chache. Wengi wenu hamkumjua kwa sura, lakini huenda mliwahi kuisikia mashine yake ya kusaga visiki vya miti ikinguruma nyuma ya ua wa jirani. Pamoja na huzuni, nilijikuta nikitabasamu, kwa kuwa siku aliyokuja kwetu, mtaa wa Kimemi, nyumba nzima ilichangamka kama siku ya harusi.

Miguu ya mama ilikuwa haiziwezi tena ngazi za nyumba yetu ya mlimani, nikaamua kumjengea chumba chini, uani. Mahali pekee palipofaa palikuwa na kisiki cha mkaratusi, kipana kama meza. Tulikuwa tumekichoma moto na kukikata kwa shoka, lakini kila mvua kilichipua upya. Ndipo nikamwita msaga visiki; alipofika na mashine, mama alikuja akasimama mbele ya mashine hiyo. “Huu muti baba yenu ndiye aliupanda,” akaniambia. “Munataka kuondosha hata alama yake?”

Yule bwana hakubishana. Alizima injini, akaketi kwenye kisiki, akamwomba mama aketi naye. “Mama, kama roho yako haiko tayari, kazi haianze,” alisema. “Mashini itapiga makelele, bipande bitaruka, donc, basi, batoto bakae ndani. Mizizi ya mbali itabakia, itaoza polepole. Na unga ya muti iko yenu, mutaweka ku shamba.” Mama akauliza, “Kwa hiyo hauendi nacho chote?” “Hapana, mama. Kinabakia kwenu.” Mama alifikiri, akainuka, akasema, “Basi anza.”

Kwanza msaga visiki aliokota mawe yote kandokando, kisha akaniuliza bomba la maji linapita wapi. Nilimwonyesha kwa uhakika mkubwa. Alichimba taratibu kwa jembe, akalikuta upande mwingine kabisa. Ndipo gurudumu lenye meno likaanza kuuma mti, likienda kushoto na kulia, vipande vikiruka, harufu ya mkaratusi ikijaa mlima mzima. Majirani walipanga mstari kwenye ua, na mama, dirishani, alikuwa akipiga makofi. Kabla ya adhuhuri, kilichotushinda miaka miwili kilikuwa shimo na chungu ya unga mwekundu.

Kwa furaha nikamwita mwashi aanze msingi papo hapo. “Hapana,” msaga visiki akanizuia. “Ukijenga juu ya hii unga, itaoza, udongo utashuka, ukuta utapasuka.” Kazi yake ilikuwa imekwisha, lakini alishika sepetu, tukautoa unga wote hadi kwenye udongo mgumu, tukajaza udongo mwingine na kuushindilia tabaka kwa tabaka. Nilinung’unika mpaka jioni. Leo mama anaishi katika chumba hicho, na ukuta hauna ufa.

Miji yetu inakua kwa kasi, na ni raha kutazama ghorofa zikiinuka Butembo na Beni. Hata hivyo, tunapenda mno siku ya ngurumo na makofi, tukisahau kazi ya polepole inayoitangulia na inayoifuata. Nilipompa mama habari za msiba, alisema, “Ule mutu alikuwa anauliza kwanza.” Sijasikia sifa kubwa kuliko hiyo. Kazi ya fundi hodari huanza kwa swali, wala haimaliziki makelele yanapokoma.