Mbuzi Waliotolewa kwa Jina Langu

Nilifika kwa wakwe zangu, nje kidogo ya Zombe, mkesha wa Krismasi. Kama kila mwaka, nilipita kwanza zizini kuwaangalia mbuzi wangu. Nilikuwa nimewaacha watano. Niliwakuta wawili.

Mimba yangu ya tatu ilikuwa imetoka mwezi wa nane, kama mbili za kwanza. Tangu hapo nilikuwa nikimeza vidonge nilivyopewa na daktari wa akili mjini Kitui. Kabla ya sikukuu aliniambia nikizidiwa niondoke. Kisha akauliza, huku akiandika, kama nimewahi kufikiria kumuumiza mtu. Nikasema hapana.

Siku ya Krismasi wanaume walimchinja beberu nyuma ya jikoni. Kisu kilikuwa butu. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alimkalia begani akisugua shingo kama anayekata kuni, na mnyama alirusha miguu muda mrefu kuliko nilivyoweza kutazama. Mimi nilipewa panga na gogo, nikate mbavu. Mke wa shemeji aliosha matumbo, mtoto mgongoni.

"Mwaitu," nilimwita mama mkwe, kama tunavyomwita mama kwa Kikamba, "mbuzi wangu watatu wako wapi?"

Alikuwa ameketi kwenye mlango wa jikoni, na hakuinua macho kwenye ungo wa mchele. "Walipelekwa ntheo."

Ntheo ni mbuzi wa kwanza wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana. Wakipokelewa, huyo ni mke wa watu.

"Ntheo ya nani?"

"Yako. Nimekutafutia iweto."

Kwetu mwanamke asiyezaa anaweza kuoa mwanamke mwenzake, aitwaye iweto, na watoto anaozaa huyo wakaitwa wa aliyemwoa. Mila hiyo siidharau. Nyanya yangu alizaliwa ndani yake. Lakini anayeoa ndiye hutoa mbuzi, kwa hiari yake. Mimi nilikuwa nimeoa bila habari.

"Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize wewe, na hizo dawa za wazimu? Msichana ana afya. Kesho kutwa anakuja."

Shemeji alicheka hadi akaegemea ukuta. "Hongera bwana harusi! Na hata suti hujanunua!"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa akimchuna beberu. Hakushangaa wala hakuuliza. Alijua.

Sikumbuki kuinua mkono. Nakumbuka panga likiwa limezama kwenye mlango wa jikoni, likitetemeka, shubiri moja kutoka sikio la mama mkwe. Mchele ulimwagika. Mume wangu alinipiga kofi kwa mkono uliojaa damu, nikaangukia gogo, jino likakatika. Nilimng'ata mkono na sikuachia. Kinywani mwangu sikuweza kutenganisha damu ya beberu, yake na yangu. Shemeji na mkewe ndio waliotuachanisha.

Nikiwa nasukutua mdomo, mke wa shemeji aliinama karibu. "Msichana ni binti wa yule mchoma matofali, ng'ambo ya mto," alinong'ona. "Nenda sasa, kabla hajaletwa."

Nilipanda bodaboda. Nilimwambia mchoma matofali kwamba ntheo ilitolewa kwa jina langu. Alinikaribisha kwa heshima, akiitazama midomo yangu iliyovimba. Binti yake alitoka jikoni. Labda alikuwa na miaka kumi na tisa.

"Nani amekupiga, auntie?"

"Mume wangu. Lakini mimi nilianza. Nilirusha panga."

"Baba, ndiko ulikuwa unanipeleka?"

Baba alikwaruza ardhi kwa kiatu. Nilimweleza kwamba ntheo ile sikuituma, na nimekuja kuichukua. Ikirudi yote, hakuna ndoa.

"Wawili wako hapa," alisema. "Wa tatu…" Akatazama sufuria iliyokuwa motoni. Kifuniko kilikuwa kinarukaruka kwa mvuke.

"Basi haijarudi," akaongeza, na nikasikia sauti yake ikipata nguvu. "Hapo hakuna la kufanya."

Binti alienda nyuma ya nyumba. Alirudi na mbuzi wangu wawili na mwingine mweusi, mwenye masikio marefu.

"Huyu ni wangu, nyanya alinipa. Chukua."

"Wewe! Rudisha mnyama!"

"Baba, wewe ndiye umekula."

Aliniwekea kamba zote tatu mkononi, akanifunga vidole juu yazo kwa nguvu, kama anayehofia nitaziachia. Kwa wakwe zangu sikurudi.

Januari daktari aliuliza swali lake tena. Nikamwambia ndiyo, nikaanza kumsimulia, kuanzia panga.