Bajia Zangu na Katalogi za Mama Nasra

Hapa nyumbani Barking, ughaibuni, tunagombana kwa jambo moja tu. Mke wangu, Mama Nasra, anakusanya sarafu na hatupi katalogi za zamani za mnada. Mimi, bingwa wa sofa na jiko, husema mnada ukishapita, hizo ni takataka.

Jumamosi Mzee Harish, mkusanya sarafu mwenzake, alitoka Kingsbury kuja kununua rupia yake ya fedha ambayo ingemlipia mke wangu nauli ya kwenda kumwona mama yake Unguja. Nikakaanga bajia. Karatasi ya kunyonya mafuta sikuwa nayo, nikachana katalogi iliyokuwa mezani, nikatandika kwenye sahani. Nikajiona fundi!

"Siku hizi bandia nyingi, mama," Harish alisema huku akitafuna. "Nionyeshe picha yake kwenye katalogi ya mnada ulikoinunua, nijue ni halisi, nalipa sasa hivi."

"Nimeiweka mezani tangu asubuhi. Baba Nasra, umeiona?"

Mwiko ukaniponyoka. Harish akachukua bajia ya mwisho, akainamia sahani.

"Mama, si ndiyo hii? Lo! Mafuta yamepenya, picha za pande mbili za karatasi zimepandana. Yako ipi?"

Harish akairudisha rupia kwenye kisanduku cha mke wangu bila kutoa pesa.

Mke wangu hakuitazama sahani. Alinitazama mimi.

"Baba Nasra, hebu mwambie mgeni katalogi za zamani ni za nini."