Pumzi ya Kubandika Dhahabu

Asubuhi moja, miaka ile simu za mkono zilipoanza kuuzwa hata kwenye vibanda vya sukari, niliondoka Kitale bila kujua ninaenda wapi. Kazi ya kupakua mahindi ilikuwa imeisha, nami tangu niache shule mapema sijawahi kukaa mahali nikishapamaliza kwa macho.

Alasiri nikafika Kamukuywa. Barazani kwa nyumba moja, mama mmoja alikuwa anakwangua ngozi ya mbuzi aliyoiwamba kwenye fremu. Nikamuuliza kama ni ngoma.

"Hii ni Zaburi," akasema.

Alikuwa karani mstaafu. Zamani, kwa masista, aliona picha za vitabu ambavyo watawa wa kale waliandika kwa mkono, na hamu haikumtoka. Akanikaribisha ndani nione ukurasa wa Zaburi aliokwisha kuuandika kwenye ngozi kama ile. Kalamu ya unyoya wa bata mzinga, wino alioupika mwenyewe, mistari iliyonyooka kama mahindi shambani. Nilisahau njaa.

Ukurasa ule ulikuwa zawadi ya harusi ya kitinda mimba wake, Jumamosi hiyo. Herufi ya kwanza, kubwa kama kiganja, ilikuwa bado kupata dhahabu. Chini yake alishapaka chokaa na gundi, ikakauka. Sharti ilainishwe kwa pumzi ya mtu kupitia mrija, ndipo dhahabu ishike. Kifua chake kilikuwa kimejaa kikohozi. Na karatasi za dhahabu, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, zilibaki mbili.

Nikajitolea. Nikapuliza kama ninavyowasha kuni. Karatasi aliyokuwa ameishika tayari ikaruka, ikatua mgongoni mwa kuku aliyekuwa akiatamia chini ya meza.

Mama akamtazama kuku. "Huyo sasa ataolewa kabla ya binti yangu." Kisha akanigeukia, bila mzaha tena. "Si kupuliza, kijana. Hema tu, kama unapasha vidole baridi."

Nikahema polepole. Akalaza ile ya mwisho, akaikandamiza kwa kitambaa, akaisugua ing'ae kwa jino la mbwa lililofungwa kwenye kijiti. Herufi ikawaka. Sijaona tena mkono uliotulia vile.

Zilibaki pembe mbili za herufi bila dhahabu. Akaziangalia, akaangalia kuku.

"Kesho tutamkwangua dhahabu hiyo," akasema. "Na pumzi yako bado naitaka. Stoo ina kitanda. Sogeza magunia ya maharagwe."