Winga wa Kushoto wa Park Road

Nimewaosha wazee wengi katika mji huu wa London, na kila mmoja ana wimbo wake. Kwa mmoja ni vita, kwa mwingine ni mke wa kwanza. Kwa Mzee Avtar wa Ilford ilikuwa Park Road, timu ya mpira wa magongo ya mtaa wa Ngara, Nairobi, ambayo haipo tena na uwanja wake umejengwa maghorofa. Nilifika kwake kila asubuhi kumvalisha soksi na kumpa dawa, na kabla sijavua koti alikuwa ameshaanza kuipanga timu.

"Golini Sadrudin. Nyuma, Jotham na Vijay. Katikati nahodha, Balbir. Na winga ya kushoto, mimi."

"Mzee, inua mguu."

"Wewe unajua winga ni nini, Wambui?"

"Najua mguu haujainuka."

Mimi sipendi michezo na sikumficha. Lakini alikuwa Kalasinga mzaliwa wa Nairobi, Kiswahili chake cha dukani na uwanjani, na huku ugenini mtu husikiliza hata upuuzi ikiwa umesemwa kwa lugha ya kwao. Aliniambia ndicho walichotumia kuitana uwanjani, kwa kuwa timu ilikuwa mchanganyiko: Makalasinga, Waismailia, Wagujarati, Mgoa mmoja, na Jotham, Mluhya aliyefanya kazi reli. Nyumbani hakuna aliyetaka kuyasikia hayo. Kijana wake, mwenye nyumba, alisema ana kazi. Wajukuu walijibu, "Yes, Babaji, you told us," wakapanda ghorofani na simu zao.

Ilinichukua majira mazima ya baridi kugundua kwamba hadithi zake zote ziliishia mahali pamoja. Walishinda nusu fainali ya mwaka 1968, yeye akafunga bao, wakambeba mabegani mpaka Ngara. Siku moja, kwa kumchokoza tu, nikamwuliza fainali ilikuwaje.

"Mimi sikucheza," akasema, na soksi ikabaki nusu mguuni huku akinieleza.

Februari ile Uingereza ilikuwa inafunga mlango. Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza waliambiwa sheria mpya inakuja na atakayechelewa hataingia. Uwanja wa ndege wa Embakasi ulijaa watu na masanduku. Kaka yake akampatia kiti kilichoachwa na mtu, ndege ya Ijumaa, na fainali ni Jumapili. Alhamisi Avtar akaenda mazoezini kama kawaida, akakimbia, akatania. Balbir akamwambia Jumapili afike mapema. Akasema sawa, nahodha. Hakumwambia mtu yeyote kwamba anaondoka, kwa sababu alijijua: wakimwomba abaki, atabaki.

Wachezaji wa akiba walikuwa wameshapeperuka na mkumbo huohuo. Siku ya fainali, kama alivyokuja kusikia kwa mtazamaji mmoja, Balbir alimwomba refa angoje, akasimama getini akitazama barabara mpaka refa akachoka. Park Road wakaingia uwanjani watu kumi, wakafungwa matatu bila. Fainali nyingine hawakuiona, maana baada ya hapo kila mtu alishika njia yake.

"Mzee, hiyo ni miaka hamsini na kitu," nikamwambia. "Nani anakumbuka?"

"Mimi nakumbuka."

Wengi wao walikuja London baadaye. Alikutana nao kwenye harusi na misiba, wakampa mkono, wakamwuliza hali ya watoto. Hakuna aliyeitaja fainali. Hilo ndilo lililomla. Alitaka mmoja wao, mmoja tu, amwambie usoni kwamba aliwatupa, kisha amsamehe au amfukuze, vyovyote apendavyo. Yeye mwenyewe hakuwa na moyo wa kuanza, nao wakafa mmoja baada ya mwingine na adabu zao. Nilimwona mjinga, nikamwonea na huruma.

Mwezi wa Mei habari zikamfikia kwamba Balbir, aliyekuwa Kanada kwa mwanawe, ameletwa kwa binti yake huko Stanmore, upande wa pili wa London. Katika kikosi kile walikuwa wamebaki wawili hao tu.

"Nipeleke," akasema.

Kijana wake akasema London ni kubwa na kifua cha baba ni kibovu. Nikasema nitampeleka mimi, siku yangu ya off. Baba yangu alifia Nyeri nikiwa zamu huku, nadhani ndilo lililonisemesha.

Tukapanda treni ya Elizabeth line mpaka Bond Street, tukashika ya Jubilee mpaka mwisho wake. Alikuwa amevaa tai na kilemba cha rangi ya damu ya mzee, na njia nzima alikuwa akijaribu maneno.

"Naanza na fainali, ama naanza na habari ya nyumbani?"

"Anza na salamu, kama watu."

"Na akifukuza mimi?"

"Tutarudi. Treni zipo."

"Akifukuza, itakuwa sawa," akasema, na niliona anamaanisha.

Jaswinder, binti wa Balbir, alitupokea kwa chai na bakuli la chevda ya kutafuna. Alitueleza kwa sauti ya chini kwamba baba yake ana siku nzuri na siku mbaya. Kiingereza kimemtoka kabisa, Kipunjabi nacho kinamponyoka, na kilichobaki ni Kiswahili, ambacho Jaswinder mwenyewe alikiacha Nairobi akiwa mtoto. "Siku nyingine tunakisia tu," akasema.

Balbir alikuwa kitini karibu na dirisha, mzee wa mifupa mikubwa, mikono bado mipana. Avtar akaketi mbele yake, akamshika goti.

"Sat sri akal, nahodha. Mimi natoka Park Road."

Uso wa Balbir ukafunguka. "Park Road? Iko watu ya Park Road hapa?" Akacheka, na papo hapo akaanza kuipanga timu. Sadrudin golini. Jotham, Vijay. Hakumkosa hata mmoja. Alipofika winga ya kushoto akasema, "Avtar. Yule iko mbio sana."

Nikamfinya mzee wangu mkono aseme.

"Balbir, sikiza. Ile fainali mimi sikuja. Mimi nilipanda ndege. Nyinyi mlicheza kumi. Mimi nimekosa, nahodha."

"Kumi?" Balbir akakunja uso. "Nani alisema kumi? Sisi tulikuwa kumi na moja. Avtar alichelewa tu. Mimi nasimama kwa geti, naona yeye anakuja mbio, gongo mkononi. Refa iko kasirika. Tukashinda mbili kwa moja, na bao ya mwisho ni ya Avtar."

"Hapana. Mimi sikuja."

"Wewe hukuja," Balbir akasema kwa upole. "Avtar alikuja."

"Mimi ndiye Avtar."

Balbir akacheka bila ubaya wowote. "Avtar ni kijana."

Ningekuwa mimi ningeishia hapo, ninywe chai yangu. Lakini mzee wangu alimkamata mikono yote miwili, na sauti ikapanda. "Tukana mimi, Balbir. Mara moja tu. Sema nilitupa nyinyi." Balbir akaogopa, akaanza kumwita binti yake kwa jina la marehemu mke wake. Jaswinder akaja mbio, akatuomba, kwa heshima, tuondoke.

Stesheni ya Stanmore treni ilikuwa bado. Tukakaa kwenye benchi. Nikamrekebisha tai, nikamwambia yale ambayo mtu husema: kwamba heri iwe hivyo, kwamba katika kichwa cha Balbir yeye alifika, alicheza, alifunga, na kwamba kama kuna msamaha mkubwa kuliko huo mimi siujui.

Akailegeza tena ile tai.

"Yule mtu mimi nilikosea, yeye iko kwisha," akasema. "Huyu amebaki, mimi sijamkosea kitu. Sasa nani atasamehe mimi, Wambui?"

Treni iliingia, nikamshika mkono tukapanda, na kabla ya Bond Street nikamwuliza golini alikuwa nani.