Rangi ya Kijani Niliyoichagua Mwenyewe

Wenzangu, leo najianika mwenyewe.

Nafanya kazi maabara, Msambweni. Juzi daktari wetu, Bi Mwanasha, aliniletea kipande cha ngozi ya mgonjwa nikitie rangi, tuone kama kina kuvu. Rangi ya kwanza, nyekundu, ndiyo inayonasa kuvu. Ya pili, ya kutandika nyuma, ni hiari yangu. Nikachagua kijani, ili chekundu chochote kikose pa kujificha.

Nilipoinamia hadubini, nikaduwaa. Subhanallah! Juu ya kijani kama cha shamba la mpunga palikuwa na viduara vyekundu, vimefumwa wavu mwembamba ambao hakuna fundi wa duniani angeuweza. Kuvu gani hii? Sikuwahi kuiona hata vitabuni. Nikaita maabara nzima. Tayari nilishajiona nimegundua maradhi mapya, nikaanza na kumhurumia mgonjwa.

"Shikamoo, daktari. Njoo uone maajabu."

"Marahaba." Akatazama, akaisogeza lenzi juu na chini. "Ngozi ikionekana vizuri, hivi vinafifia. Vimeikalia juu, havimo ndani." Hakuondoa jicho. "Lakini vinapendeza mno, wallahi."

Kisha akainua kichwa, akanusa.

"Mwanangu, jana ulikuwa harusini?"

"Ndiyo, Ukunda."

Akalifunua koti langu kifuani. Kikuba cha asumini, kile kishada cha maua nilichovaa harusini, kilikuwa bado kimebanwa pale, kikipukutisha chavua, ungaunga wa maua, mezani.

"Basi haya maradhi yako mapya," akasema mbele ya wote, "yananukia."