Bakuli la Shangazi

Pale kituo cha utafiti walimwita Mama Bakuli, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwalisha kima. Safu ya vizimba ya kushoto ilikula ikashiba. Ya kulia ilipunguziwa theluthi ya chakula, ingawa vitamini na madini haikunyimwa, ili watafiti waone mwili usioshiba unazeekaje, na mifupa yake inakuwaje.

Katika safu ya kulia alikuwamo jike mzee ambaye Mama Bakuli alimbandika jina la Shangazi, kwa jinsi alivyozoea kununa na kuchungulia sahani za wenzake. Akimaliza chake, alipenyeza vidole kwenye wavu akavituliza hapo, macho kwenye safu ya kushoto. Mama Bakuli alivishika. Kutamani alikujua. Binti yake wa pekee aliolewa mbali, na siku hizi alimsikia kwenye simu tu, tena kwa haraka haraka.

"Daktari, hata kipande cha ndizi?" alimwomba mtafiti mkuu.

"Nikikuruhusu, mama, hatutajua tena mifupa yake inatuambia nini."

Hakumpa. Ila tangu siku hiyo, kila alipomenya ndizi nyumbani, alimkumbuka.

Siku ya vipimo Shangazi alichomwa sindano ya usingizi, akalazwa kwenye mashine ya kupiga picha mifupa. Mama Bakuli alimsaidia daktari kumnyoosha miguu.

"Vipi, mifupa itavunjika?" aliuliza.

"Ni myepesi kuliko ya wanaoshiba," daktari alisema, macho kwenye picha. "Lakini hata mwili wenyewe ni mdogo, hauielemei. Ugonjwa sioni. Uzee unaila taratibu, kama unavyotula sisi."

"Mimi umeanzia magotini."

"Basi karibu tukulaze hapa," daktari alitania, wakacheka.

Utafiti ulipokwisha, kima walihamishiwa hifadhi ya mbali, wakale watakavyo. Gari liliwachukua Mama Bakuli akiwa mapumziko. Aliporudi kazini alikuta vizimba vimeoshwa, harufu ya dawa tupu. Akapangiwa kulisha panya. Kazi haikuwa mbaya, lakini panya hawakumtazama usoni.

Alivumilia mpaka likizo, akapanda basi kwenda hifadhini. Alimkuta Shangazi amenenepa, ameketi juu ya gogo, mashavu yamejaa viazi. Mama Bakuli alimwita kwa sauti ya kumbembeleza. Shangazi aligeuka, akamtazama kitambo, kisha akainamia chakula chake.

"Usijali, mama," alisema mtunzaji wa pale. "Saa ya kula hamjui mtu."

"Mwache ale. Hilo ndilo nililomtakia."

Alisema kweli, ila hakubanduka. Alisimama pale mpaka wageni wengine wakaondoka.

"Hapa hamhitaji mtu wa kulisha?" aliuliza langoni.

"Nafasi zimejaa, mama."

"Basi andika namba yangu. Mtu anaweza kuugua, au akaacha kazi."

Akaitaja polepole, kisha akamwomba aisome tena asikie kama ameipata sawasawa.