Mfupa Puani

Hadi leo nikinusa rangi ya mafuta, mate machungu yananijaa mdomoni. Nilikuwa mchora mabango wa sinema moja pale Iringa, miaka ya hamsini, na kazi yenyewe nilikuwa naionea fahari, mpumbavu mimi. Mafundi wa misheni walinifundisha kuchora watakatifu. Nikatoka pale nikaenda kuchora majambazi wenye bastola na wanawake waliochanika magauni. Ukitaka kujua mtu anavyojidhalilisha kwa hiari yake, niulize mimi.

Kila filamu ilionyeshwa kwanza Mbeya, halafu ikaletwa kwetu kwa lori pamoja na bango la karatasi. Mimi nilipiga miraba midogo ya penseli juu ya karatasi, nikapiga mikubwa ya mkaa juu ya mbao, kisha nikahamisha picha mraba kwa mraba. Sikuwa nabuni chochote. Masika moja lori likakwama kwenye matope Igawa siku mbili, bango likafika nusu. Juu alibaki Mzungu na bunduki yake, na bibi wa Kizungu anapiga yowe. Chini, walikotakiwa kuwepo watu wanaomtisha, karatasi ilikuwa imegeuka uji.

Nikamwuliza tajiri wangu, mwenye sinema, nifanye nini. Akajibu bila kuinua macho kwenye chai yake, "Chora washenzi. Wewe si unawajua?"

Nikachora. Hapo ndipo ninapojichukia. Sikubisha, hata kununa sikununa. Nikaweka meno, nikaweka mfupa puani, kitu ambacho maisha yangu yote sijakiona kwa mtu yeyote, Mhehe wala Mbena wala Msangu. Lakini uso wenyewe, bila miraba ya kufuata, mkono ukachora ule uliouzoea, na mimi wala sikugundua. Alhamisi, mama mmoja wa kijijini kwetu aliyekuwa akiuza maharage sokoni alisimama mbele ya bango, akaziba mdomo kwa kanga, akaniuliza baba yangu amenikosea nini. Ndipo nikatazama. Macho yaliyozama, mdomo mnene wa chini, mikunjo mitatu kwenye paji la uso. Baba mwenyewe. Nilizunguka nyuma ya ukuta nikatapika, chai na maandazi yote.

Na baba, mzee wa kanisa, alikuwa anakuja Jumamosi kuniletea viazi. Nilimsihi tajiri aniruhusu nibadilishe ule uso tu, baba asije akauona. Akakataa. Watu wanasimama kulitazama bango, aliniambia, na sijawahi kuchora kitu kizuri kama hicho. Kizuri! Ningeweza kuufuta kwa nguvu, nikafukuzwa, basi. Sikuufuta. Nilipenda kuitwa fundi.

Jumamosi niliamka mapema nikaenda kumlaki njiani, nimpitishe kwa nyuma. Wapi! Siku hiyo alikuwa amepata lifti. Niliporudi nilimkuta amesimama mbele ya bango, gunia begani, koti lake la kanisani limefungwa vifungo vyote, kofia mkononi. Kando yake wahuni wawili wanamtazama yeye, wanatazama bango, wanacheka mpaka wanashikana.

Yeye hakujua wanacheka nini. Nyumbani kwetu hapakuwa na kioo. Mama ndiye aliyekuwa akimnyoa ndevu tangu waoane, na picha hakuwahi kupigwa. Nikamsalimia kamwene, akaitikia huku bado anatazama juu. Akauliza kama ile ni kazi yangu. Nikamjibu kwamba bango limechorwa Ulaya, limeletwa hivyo hivyo. Nilimdanganya mzee wangu machoni pake, mchana kweupe, na vidole vyangu bado vina rangi.

Akashusha gunia.

"Huyu mzee amekosa nini?"

"Hajakosa kitu, baba."

"Basi waambie wamtoe huo mfupa. Huyu ni mtu mwenye watoto."

Nikasema nitawaambia. Nikamsindikiza mpaka barabarani, akaniombea heri kama kawaida yake, akaondoka. Kisha nikarudi nikapanda ngazi, nikachovya brashi, nikaongeza rangi nyeupe kwenye yale meno, maana tajiri alitaka yaonekane kutoka mbali.